Daraja Lililothibitishwa Kila Jumatatu

Mgeni alifika siku ya Alhamisi, ilhali katika nchi yetu wageni hufika Jumanne tu. Alishuka kwenye lori la vitunguu pale mpakani, akiwa na begi moja la nguo na masanduku matatu ya vyuma, akawaamkia askari vizuri na kuuliza ofisi ya madaraja iko wapi. Askari walishtuka. Tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu mwenye nia mbaya huficha mzigo wake. Huyu hakuficha kitu, na hapo ndipo walipotambua kwamba ni hatari kuliko wote waliowahi kupita.

Nilitumwa mimi, Ombeni, kumpokea. Nilikuwa nimehitimu chuo mwaka uleule na kuajiriwa Wizara ya Tahadhari nikiwa Mshuku Msaidizi. Kazi ya mshuku ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Unapewa mtu mmoja wa kumshuku, unakaa naye, unakunywa naye chai, na jioni unaandika yale uliyoyashuku. Niliipenda. Niliamini kwamba nchi inayojitazama kwa makini namna hii ni lazima iwe inajipenda sana.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mgeni.

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye wa ofisi ya madaraja?"

"Hapana. Mimi ni wa kukushuku."

Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Na kazi hiyo ina chakula cha mchana?"

"Ina."

"Basi shika sanduku hilo, twende."

Jina lake lilikuwa Injinia Rukonge. Baadaye ilibainika kwamba serikali yetu yenyewe ndiyo iliyomwalika, miaka mingi nyuma, aje akadirie Daraja la Shukrani limebakiza umri gani. Mwaliko ulichelewa kumfikia kwa sababu kila ofisi ulikopita iliusoma kwanza kutafuta maana iliyofichwa. Aliyeusaini alikuwa ameshastaafishwa, na hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba serikali iliwahi kujiuliza swali kama hilo.

*

Lazima niwaeleze habari za daraja hili, maana bila ya hilo hamtaelewa kitu.

Mji wetu uko upande mmoja wa korongo. Soko, hospitali na makaburi viko upande wa pili. Kwa hiyo kila mtu hulivuka daraja akitaka kula, akiugua, na akimaliza. Linabebwa na boriti mbili kubwa za chuma zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo.

Katika nchi nyingine, nasikia, daraja likishajengwa hupimwa mara moja kisha watu wakaachiwa wavuke. Sisi hatuamini kitu kirahisi hivyo. Sisi tulikuwa na Uthibitisho. Kila Jumatatu msafara wa malori yaliyojaa mawe ulipanda darajani, ukafika katikati, ukafunga breki wote kwa pamoja, ukarudi nyuma, ukapanda tena, hivyohivyo tangu asubuhi mpaka Waziri aridhike. Na Waziri wa Uthabiti, Mheshimiwa Tarumbeta, hakuwa mtu wa kuridhika haraka.

"Ndugu wananchi," alikuwa akisema, "daraja ambalo halijapimwa wiki hii ni uvumi wa daraja!"

Malori yakishaondoka, fundi wa Wizara aliteremka kwa kamba chini ya daraja, akiwa na patasi ya chuma na nyundo nzito. Katikati kabisa ya boriti, tumboni, aligonga neno LIMETHIBITISHWA na chini yake jina la Mlezi Mkuu wa nchi. Aligonga kwa kina, ili adui asiweze kulifuta. Kwa kuwa Jumatatu ni nyingi, sehemu ile ilikuwa imejaa maandishi kama dawati la shule.

Juu ya mahali hapohapo, katika sikukuu, ndipo waliposimama akina mama wa Kikundi cha Vigelegele. Walipangwa pale kwa sababu kamera ya televisheni ya taifa ilikuwa moja tu na ilikuwa imefungwa nguzoni kuelekea katikati. Kiongozi wao alikuwa Mama Siwema, mwenye nyumba nilimopanga chumba. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na akipiga kigelegele mbwa wa ng'ambo ya korongo walijibu.

*

Injinia alipewa karakana ya reli iliyoachwa, ambamo palikuwa na mabaki ya chuma kilekile kilichojengea daraja. Alikata vipande vyembamba, akavifunga kwenye mashine yake ndogo yenye mota. Mashine ilikunja kila kipande kidogo upande huu, kidogo upande ule, bila kupumzika, na kuhesabu yenyewe. Kipande kikivunjika, ilinyamaza. Ndiyo kazi yote. Nilikaa pale nikiishuku siku nzima, na sikuweza kupata la kuandika.

Mama Siwema ndiye aliyetuletea chakula. Siku moja aliweka sufuria chini, akaitazama mashine huku ameshika kiuno.

"Injinia, samahani. Wewe umesoma, una mvi, na kutwa nzima unatesa nondo. Imekukosea nini?"

Injinia alicheka, akaokota kipande cha waya wa kufungia nondo. "Mama, hebu ukate huu kwa mikono."

Mama Siwema alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Haukatiki."

"Sasa ukunje, halafu unyooshe. Tena. Tena."

Haukupita muda, waya ulikatika ukabaki vipande viwili mikononi mwake.

"Umetumia nguvu?"

"Nguvu gani? Nimerudiarudia tu."

"Na boriti ni hivyohivyo," alisema Injinia. "Mzigo inaoubeba leo bila shida, huohuo ukirudiwa sana unaweza kuivunja. Ndani huanza ufa mdogo usioonekana, hasa mahali penye mkwaruzo. Kila mzigo ukipita, ufa unasogea kidogo. Na chuma si mwili, mama, hakiponi kikipumzika. Kila ukikipima, umekitumia."

Mama Siwema alivitazama vile vipande vya waya. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni.

"Hizi Jumatatu zetu, je?"

"Hizo Jumatatu zenu ndizo zilizonileta."

Nilipomsindikiza mlangoni alinishika mkono. "Ombeni mwanangu, wewe unashinda na huyu mtu. Mimi napanda pale katikati na wanawake arobaini nyuma yangu, na mabinti zangu wawili wamo. Magazeti nayajua, redio naijua. Wewe uniambie. Kila ninapotaka kukanyaga pale, kama kuna unachokijua, kiwe kizuri kiwe kibaya, uniambie kabla sijakanyaga."

"Nakuahidi, mama."

Ilikuwa ahadi ndogo, ya mlangoni, mikono yake ikinuka vitunguu. Sikuishuku hata kidogo.

*

Matatizo yalianza pale vyuma vilipotofautiana. Vipande viwili vilivyokatwa kwenye bamba moja, vikabebeshwa mzigo mmoja, havikuvunjika pamoja. Kimoja kilikatika kabla ya chai, kingine hadi siku ya tatu kilikuwa bado kinavumilia. Injinia alisema ndivyo chuma kilivyo, ndiyo maana hukadiriwa kwa vipande vingi. Mimi, kwa uaminifu wa kazi yangu, niliandika jioni ile kwamba vyuma havisemi kauli moja.

Asubuhi yake karakana ilijaa wakubwa. Kipande kilichovunjika mapema kilifungwa kwenye mfuko na kuchunguzwa kilitoka tanuru gani na kilikaa jirani na nani. Kilichodumu muda mrefu kilivishwa utepe na kupelekwa Makumbusho ya Taifa. Injinia aliomba arudishiwe, kwa kuwa hakikuwa kimemaliza kazi. Aliambiwa kimestaafu kwa heshima.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwenye kujali usalama wake asingelifanya. Alichukua vipande laini, visivyo na mkwaruzo, na vipande alivyovigonga maandishi kwa patasi, kama yale ya chini ya daraja, akavijaribu kwa mzigo uleule. Vile laini vilikwenda mamilioni ya mikunjo, na vingine vikakataa kabisa kuvunjika. Vile vyenye maandishi vilikatika mapema, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikatikia kwenye herufi.

*

Kamati ya Taifa ya Uthabiti ilimwita. Ukumbi ulikuwa na mazulia mazito, na kila mjumbe alikuwa na mshuku wake amesimama nyuma ya kiti. Mimi nilisimama nyuma ya Injinia.

"Jibu fupi," alisema Mheshimiwa Tarumbeta. "Daraja litavunjika lini?"

"Mheshimiwa, siku siwezi kuitaja. Ninachoweza ni kukadiria."

"Mtu asiyeijua siku anajuaje kwamba siku hiyo ipo?"

Wajumbe walipiga makofi. Injinia alisubiri yaishe.

"Tuseme tuna madaraja mia kama hili, yote yamefanyiwa haya ya Jumatatu. Kwa makadirio yangu, karibu nusu yangeanguka kabla mwaka haujaisha."

Waziri aliinua kidole taratibu. "Nchi hii ina daraja moja. Hayo tisini na tisa ni ya nani?"

Washuku wote waliandika.

"Ni mfano tu, Mheshimiwa."

"Umesikika ukihesabu madaraja ya nchi nyingine ndani ya kikao chetu. Endelea. Huo ufa unaoudai, unaanzia wapi?"

Nilimkanyaga Injinia kisigino, kwa siri. Hakuelewa, au alielewa na hakujali.

"Unaanzia kwenye maandishi, Mheshimiwa."

"Maandishi gani?"

"Yale ya chini ya boriti. Nimeteremka kuyaona. Ufa upo tayari, umetoka kwenye herufi ya kwanza ya jina."

Mjumbe mmoja aliangusha glasi. Karani aliuliza kwa sauti ndogo kama aandike, akaambiwa aandike kwa penseli.

"Naomba mambo mawili tu," Injinia aliendelea, kana kwamba hakuna kilichotokea. "Malori ya mawe yasipande tena. Na fundi asage yale maandishi mpaka chuma kiwe laini, kisha ule ufa ushughulikiwe. Watu wavuke kwa miguu wakati huo. Daraja linaweza kupona."

"Kusaga jina!" alisema Waziri, akasimama. "Ndugu wajumbe, mmemsikia. Anasema kupima uaminifu kunaumaliza uaminifu. Anasema palipogongwa jina la Mlezi Mkuu ndipo palipo dhaifu. Chuma cha nchi hii hakijawahi kulalamika. Kimeanza kulalamika alipokuja huyu!"

Kamati iliamua kwamba Injinia arudishwe mpakani Jumanne, ili kuondoka kwake kufuate utaratibu hata kama kufika kwake hakukufuata. Daraja nalo, kwa kuwa lilikuwa limekaa karibu na mtu huyo, lilitiliwa shaka. Lingethibitishwa upya siku ya Sikukuu ya Shukrani, na malori yangeongezwa maradufu.

Siku ya kuondoka, Injinia aliniachia mashine ikiwa na kipande kimoja chenye maandishi, kilichokwisha kukunjwa kwa kiasi kilekile ambacho boriti imekwisha kubeba, na mota ikiendelea kukikunja.

"Kikivunjika maana yake nini?" nilimuuliza.

"Maana yake daraja likifuata mtu asishangae. Si kwamba litafuata kesho. Ukisema zaidi ya hapo utakuwa umedanganya, na ukisema pungufu pia." Alipanda kwenye lori la vitunguu. "Chakula chenu kilikuwa kizuri."

*

Kipande kilivunjika asubuhi ya sikukuu. Nilikimbia mpaka darajani, nikamkuta Mama Siwema anapanga wanawake wake, wote wamevaa kanga mpya zenye picha ya daraja.

"Mama, kimevunjika."

"Kwa hiyo linaanguka leo?"

"Sijui. Huenda leo, huenda mwakani. Lakini limetumika karibu lote."

Alisonya. "Ombeni, mbona jibu lako halina kichwa wala miguu?"

"Ndilo nililonalo, mama."

Aligeuka, akatangaza kwamba kanga zimekosewa rangi na kikundi hakiwezi kumwaibisha Mlezi Mkuu, akawatoa wanawake wote mpaka ukingoni. Malori yalipanda, yakafunga breki, yakarudi, yakapanda tena.

Daraja halikuanguka.

Nilifurahi, nawaambia kweli. Nilikuwa mtu pekee pale aliyefurahi kwa sababu hiyo. Wengine walifurahi kwa sababu sasa palikuwa na mtu wa kukamatwa. Mashuhuda walikuwa wamenisikia. Kikundi cha Vigelegele kilifungiwa, na Mama Siwema alipoenda sokoni wauza samaki walimpokea kwa shangwe: "Karibu mama, kaa! Au kwanza tukipime hicho kigoda?" "Angalia sakafu hiyo mama, ina ufa!" Nyumbani chai yangu aliiweka mezani ikiwa imepoa, akaenda zake.

Nilidhani nitafungwa. Lakini nchi yetu ina huruma. Mtu akipatikana na kosa la kulitilia shaka jambo, hupewa kazi ya kulisemea. Niliteuliwa kuwa Msemaji wa Daraja. Nilipewa suti yenye nembo, nyumba ya Wizara yenye maji ya bomba, na kijumba cha kioo juu ya ukingo chenye kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kusema, kabla ya kila Uthibitisho, maneno haya: "Daraja ni zima. Pandeni bila hofu." Baba yangu kijijini alichinja mbuzi. Mama yangu aliniletea ujumbe kwamba sasa anaweza kulala. Niliambiwa pia, kwa upole, kwamba siku nitakayosema kingine nitakwenda mahali ambapo hakuna wa kunishuku kwa sababu hakuna anayetoka.

Kabla sijaanza kusema, ili kuniaibisha vizuri, Waziri aliamuru daraja lithibitishwe kila siku kwa majuma kadhaa. Kila jioni patasi iligonga. Nililala katika nyumba yangu mpya nikiisikia.

*

Jumatatu ya hotuba yangu ya kwanza, Kikundi cha Vigelegele kilisamehewa kwa masharti kwamba kisimame katikati tangu lori la kwanza mpaka la mwisho. Mlezi Mkuu mwenyewe angetazama kwa televisheni.

Asubuhi nilipita nyumbani kwa Mama Siwema kuchukua viatu nilivyokuwa nimeviacha. Alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo, mabinti zake wamekaa tayari.

"Leo sikuulizi kitu," alisema bila kugeuka. "Nimechekwa vya kutosha. Na wewe una nyumba yenye bomba, ikae. Nenda kasome karatasi yako."

"Mama..."

"Nenda, mwanangu. Utachelewa."

Kwa hiyo nilikwenda. Niliingia kwenye kijumba cha kioo, Waziri akaja kusimama kando yangu, suti yake inanukia marashi. Niliwaona wakija kutoka mjini kwa safu mbili, Mama Siwema mbele. Nilijua kitu ambacho wauza samaki hawakukijua: kwamba siku ile ya sikukuu, kusimama kwa daraja hakukuwa kumethibitisha lolote. Kulikuwa kumelipunguzia umri. Na baada ya siku ile yalipita malori mengine mengi kuliko niliyoweza kuyahesabu.

Nilijua pia kwamba huenda lingesimama tena. Hilo ndilo lililonitesa. Kama lingesimama, ningekuwa nimepoteza nyumba, baba, suti na uhuru kwa ajili ya neno huenda, na Mama Siwema asingeweza kwenda sokoni tena maisha yake yote.

Lori la kwanza liliwasha injini. Mama Siwema alikuwa amebakiza kama hatua mbili kufika mwanzo wa daraja. Hakuangalia kwenye kijumba. Nadhani alifanya makusudi, kuniondolea mzigo.

"Soma," alinong'ona Waziri.

Nilikuwa mbali na Mama Siwema, na kitu pekee cha kumfikia kilikuwa kipaza sauti.

Kilichofuata baadaye mchana ule mnaweza kukisoma mahali pengine. Taarifa rasmi inasema Daraja la Shukrani lipo na ni imara, na kwamba wananchi wanaombwa kwa sasa wateremke korongoni na kuvuka mto kwa mitumbwi. Inasema pia kwamba dereva wa lori la kwanza aliyeruka na kukimbia kabla ya kufika katikati anatafutwa ili aeleze aliambiwa na nani. Shitaka langu nalo limebadilishwa. Mwanzo lilikuwa kusema uongo, sasa ni kujua mapema, ambalo adhabu yake ni kubwa zaidi. Mshuku niliyewekewa hapa mahabusu ni kijana mpole, amehitimu mwaka huu, na anaipenda kazi yake.

Lakini wakati ule hakuna aliyejua hayo, wala mimi. Palikuwa na asubuhi tu, na lori linalonguruma, na wanawake arobaini wamevaa kanga zenye picha ya daraja. Niliiweka karatasi chini.

"Mama Siwema," nilisema, na jina lake likaenda likarudi mara mbili korongoni. "Ninachokijua ni kilekile, na sasa ni kibaya zaidi. Sijui kama ni leo. Usikanyage."

Mguu wake mmoja ulikuwa tayari hewani. Waziri alinyakua kipaza sauti, lakini niliona, kabla hawajanigeuza kuelekea ukutani, kwamba aliurudisha nyuma, akatandaza mikono yake minene pande zote mbili, na kuwazuia mabinti zake.